Muulize Injinia: Tusheni mwaka mzima na maksi haziendi popote

Safu hii ni ya maswali yenu ya hesabu, fizikia na mambo yote ya tusheni. Anaejibu ni injinia wa umeme wa hapa Malindi, mchana yuko na mapampu na mota, jioni yuko na madaftari ya watoto wa watu. Mwezi huu barua zimekuja kutoka Barani mpaka Faza, zengine ndefu tumezipunguza.

Salaam aleikum injinia. Kijana wangu yuko fomu thrii, tusheni ya fizikia anaenda jioni tangu mwaka jana, nalipa kila mwezi sijakosa hata mmoja, na maksi ni zile zile, 30, 34, mara moja akaleta 28. Mwalimu wa tusheni asema niongeze siku ziwe nne kwa wiki. Niongeze ama niwache kabisa? – Mama wa watatu, Barani, Malindi

Waaleikum salaam mama. Usiongeze siku, bado. Kwanza tujue anakosa nini, manake pesa umelipa mwaka mzima na kwa barua yako sioni mahali mtu amekaa akamwambia "kijana wako shida yake ni hii hapa".

Nikupe mfano. Nina kijana wa rika lake, nilimpa swali la lenzi, fokasi ni sentimita 10, kitu kimewekwa sentimita 15 kutoka kwa lenzi, tafuta picha itatokea wapi. Alichora miale vizuri kabisa, rula na penseli, picha ikaanguka upande wa pili mbali kuliko kitu, sawa sawa. Fomula akaiandika bila kuangalia popote, 1/f = 1/u + 1/v (f ni fokasi, u ni umbali wa kitu, v ni umbali wa picha), akahamisha vizuri ikawa 1/v ni 1/10 toa 1/15. Hapo sasa akaandika 1/-5. Yani alichukua 10 akatoa 15, ya juu akaiacha ilivyo, kisha akasema picha iko sentimita 5 upande huu huu wa kitu na mchoro wake mwenyewe uko mbele yake unamwambia sivyo. Jibu ni 1/30, picha iko sentimita 30.

Sasa mama huyo ukimuongezea siku za fizikia utakuwa walipa afundishwe lenzi, na lenzi aijua. Kilichomuangusha ni hesabu za sehemu, za darasa la tano huko, na hakuna mwalimu wa fizikia wa sekondari ataacha silabasi arudi darasa la tano na watoto hamsini wamngoja. Hiyo ndio kazi ya tusheni, kurudi nyuma pale shule haina nafasi ya kurudi. Tusheni nyingi hazifanyi hivo, zinakimbia mbele, wanajisifu eti "sisi tushamaliza silabasi ya fomu foo" na mtoto hajui kubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Mimi mtu akiniambia amemaliza silabasi mapema namuuliza, umemaliza wewe ama wamemaliza wao?

Fanya hivi. Mwambie kijana alete karatasi zake za mtihani, zile zilizosahihishwa, tatu zatosha. Si lazima wewe ujue fizikia. Kaa nae, kila swali alilokosa muulize, hapa ulikosa nini, hukuelewa swali limetaka nini, ama hukujua fomula, ama fomula ulijua ukakosea hesabu, ama jibu ni sawa lakini hukuweka yuniti, ama saa iliisha. Andika kando ya kila swali neno moja tu. Ukimaliza karatasi ya pili utaanza kuona neno moja lajirudia. Hilo ndilo umpelekee huyo mwalimu wa tusheni, mwambie nataka hili kwanza, wiki sita, mengine baadae. Akikataa, ama akisema yeye ana mpango wake wa darasa zima, basi hapo mtoto wako yuko kwa darasa la pili la jioni na si tusheni, na darasa tayari analo bure asubuhi.

Lingine ni lugha. Mtihani ni wa Kiingereza na nyumbani pengine mwaongea Kiswahili ama Kigiriama. Mwambie kabla hajashika kalkuleta akueleze swali kwa lugha ya nyumbani, kuna nini, kimefanywa nini, wanataka nini. Kama hawezi kukueleza wewe mama yake ambae hujasoma fizikia basi fomula yoyote atakayoshika ni ya kubahatisha. Akishaelewa ndio aandike Kiingereza chake, kwa sababu maksi ziko huko, hatuwezi kujidanganya.

Na siku mbili zatosha bora zile siku zengine afanye maswali yake peke yake, nusu saa, bila mtu kumuonyesha. Wengi wanaenda tusheni kuangalia mwalimu akifanya hesabu. Ni raha kuangalia, kila kitu kinaonekana rahisi, alafu ndani ya chumba cha mtihani uko peke yako.

Najua kwa nini una wasiwasi pia. KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, ilikuwa 2023, watoto walioingia fomu wani 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 na KCSE yao, mtihani wa fomu foo, ni 2027, nyuma yao hakuna darasa lengine la mfumo huo. Wenye tusheni wanaujua wasiwasi huo vizuri sana na wanautia bei. Muda bado uko, mama, wa kutosha kurekebisha sehemu na yuniti mara kumi.

Injinia mimi niko fomu foo, nataka tu kujua hizi kosaini na saini zitanisaidia nini maishani, manake mimi nataka kufanya biashara. Usinipe jibu la walimu. – Asietaka kosaini, Gongoni

Wewe uko Gongoni na waniuliza mimi! Hapo ulipo Ngomeni si mbali, waulize wazee wakwambie roketi zilizokuwa zikirushwa kutoka kwa zile jukwaa za Waitaliano zilizosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Wamarekani kutoka hapo, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuangalia miale ya eksirei kutoka kwa nyota, na kwa sababu siku ilikuwa ya sikukuu ya uhuru wetu wakaiita Uhuru. Sasa jiulize, Mtaliano kwao ana bahari, kwa nini asirushie huko akaja mpaka Ngomeni?

Jibu ni kosaini yako hio hio. Dunia inazunguka, mzunguko wake kwa ikweta ni kama kilomita 40,075, na inamaliza mara moja kwa siku, ukigawanya unapata mtu aliesimama kwa ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mita kama 465 kila sekunde, na hata hasikii. Ukitoka ikweta duara linapungua, na linapungua kwa kosaini ya latitudo, yani digrii ulizo mbali na ikweta. Ngomeni iko kama digrii 3 kusini, kosaini ya 3 ni 0.9986, kwa hivo unabaki na 464, hujapoteza kitu. Roma iko kama digrii 42, kosaini yake 0.743, piga uone, ni kama 346. Setilaiti inayozunguka karibu na dunia inahitaji kama mita 7,800 kwa sekunde. Roketi inayorushwa Ngomeni kuelekea mashariki inaanza na 464 za bure, ile ya Roma ingekosa zaidi ya mia moja hapo, na kila mita ya sekunde inalipiwa kwa mafuta, na mafuta yenyewe ni mzigo wa kubebwa. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kipande kikianguka hakimpati mtu.

Hio ni biashara kaka. Mtu alikaa chini na kosaini akaona wapi ni rahisi kununua spidi. Wewe ukitaka kufanya biashara bila kosaini utaweza, lakini maksi za trigonometri ni rahisi kuliko unavyodhani na KCSE haiulizi unataka kuwa nani.

Asalaam aleikum kaka. Nimemaliza chuo, injinia wa mekanika, niko nyumbani Langoni Lamu mwaka wa pili sasa kazi sijapata. Nafikiria kuanza tusheni ya hesabu na fizikia. Je nahitaji kibali? Niitishe pesa ngapi? Na niandike "Eng." kwa tangazo watu waniamini? – Graduwet wa Langoni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Naanza na la mwisho. Hio "Eng." iwache. Heshima hio ni ya mtu aliesajiliwa na bodi ya mainjinia kuwa injinia kamili, na wewe ukitoka chuo unasajiliwa kwanza kama graduwet, ndio ufanye kazi chini ya wakubwa ndio uombe. Andika tu umesomea uinjinia wa mekanika na chuo gani. Lamu mji ni mdogo, watu wanajua baba yako ni nani kabla hawajauliza una digrii gani.

Kibali, hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kufundisha ndani ya shule bila kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, ni kosa, hata kama wewe wajua hesabu kuliko walimu wote wa kisiwa, kwa hivo mwalimu mkuu akikwambia njoo ushike darasa la fizikia kwa sababu tumepungukiwa, mwambie kwanza usajili. Mzazi kukuita nyumbani kwake umsaidie mwanawe ni kitu kingine. Lakini jihadhari na zile za kukusanya watoto likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza tusheni ya likizo na iko na adhabu. Usikodi madarasa ya shule Agosti ukaleta watoto arubaini ukadhani ni ubunifu. Na hata kama hakuna anaekudai, chukua cheti cha polisi cha tabia njema, unaomba kwa tovuti ya serikali ya eCitizen, ukiwa nacho mzazi hahitaji kukuuliza swali ambalo anaona haya kuliuliza.

Pesa, anza na gharama zako. Ikiwa mtoto yuko Shela na wewe Langoni, kuna boti kwenda na kurudi, na ukichelewa usiku bei si ile ya mchana. Weka bei ya saa moja, boti kando, mkubaliane kabla hujafungua kitabu. Watoto wawili watatu wa kiwango kimoja wanaweza kuchangia saa moja na kila mzazi analipa kidogo, zaidi ya wanne mimi siwezi tena kuona daftari la kila mmoja. Kuna wengine watakulipa kwa samaki, mimi nimelipwa samaki wa changu na silalamiki, bora iwe mumeelewana na si mzazi akikosa pesa ndio changu anatokea.

Alafu usimuahidi mtu gredi. Kuna matangazo yanasema "A ya uhakika", huyo ni muongo au hajawahi kufundisha. Ahidi kile unachoweza kukishika kwa mkono, kwamba baada ya wiki sita atakuwa anaweza kufanya hiki na hiki peke yake, na mzazi aone karatasi.

Na kitu ambacho sisi mainjinia tunakosea sana tukifundisha, tunaruka hatua. Wewe ukiona mlingano unahamisha vitu vitatu kwa kichwa unaandika jibu, mtoto anabaki anaangalia ukuta. Andika kila mstari. Usipende pia kuonyesha njia ya chuo, swali la mpira unaoanguka lafanyika kwa fomula tatu za mwendo, usimletee kalkulasi hata kama ndio nzuri zaidi. Siku hizi za mwanzo pata mtaala wa KCSE na pepa za zamani, ufanye mwenyewe kwa saa kama mtahiniwa. Hesabu ni pepa mbili za maksi 100 kila moja, na sehemu ya pili mtoto anachagua maswali matano kati ya nane. Kuchagua nako kunafundishwa, kuna watoto wanaanza swali la sita la saba wakidhani watasaidiwa, wanapoteza saa bure.

Unachonacho wewe ambacho walimu wengi hawana ni kazi yenyewe. Lamu kuna bandari, gati ya kwanza ilifunguliwa 2021, kuna kreni pale, kuna meli za chuma zinaelea. Kuna jahazi zenye mlingoti na kamba na makapi, yani pule. Mtoto wa Lamu akikwambia haelewi pule, mpeleke ukingoni aone foromali, ule mti wa tanga, ikipandishwa, ahesabu kamba ngapi zimebeba mzigo, avute mwenyewe. Akirudi kwa kitabu, mchoro wa mwalimu ataujua.

Injinia binti yangu ataka tusheni ya hesabu na mwalimu tuliempata ni mwanamume kijana. Babake hataki. Mimi naona tutampotezea mtoto. – Ummu, Shela, Lamu

Babake ana haki ya kuuliza na binti ana haki ya kusoma, na hayo mawili yanakaa pamoja bila shida. Asome nyumbani kwenu, ukumbini, mlango wazi, watu wakipita, saa iwe ni moja inayojulikana, tuseme baada ya alasiri si usiku. Ujumbe wa simu kuhusu masomo upite kwa simu yako wewe. Mwalimu mwenye akili atafurahi kwa mpango huo manake unamlinda na yeye. Akianza kusema mtoto hawezi kusoma mahali pana kelele, kwamba aje kwake peke yake, basi tafuta mwengine siku hio hio, usingoje mwisho wa mwezi. Waweza pia kutafuta mwenzake darasani wasome wawili, bei inapungua na babake anatulia. Na kama kuna msichana alieingia chuo kusomea mambo ya sayansi yuko nyumbani likizo, muulize, mara nyingi wako na hakuna anaewafikiria.

Mwanangu yuko gredi 10, amechagua STEM (sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu). Jirani asema bora angechukua njia nyengine afanye hesabu rahisi. Hizi hesabu mbili ni nini? – Baba Zuhura, Mokowe

Ndio, ziko mbili. Sekondari ya juu ina njia tatu, STEM, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Hesabu ni lazima kwa wote, ila wa STEM wanafanya ile kamili na wa njia zile mbili wanafanya ile ya matumizi ya kila siku, nyepesi kidogo. Jirani yako hajakosea kuhusu wepesi. Lakini kama mtoto anataka uinjinia, udaktari wa mifugo, ubaharia wa mitambo, ile nyepesi itamfungia mlango mapema, na kurudi nyuma baadae ni shida. Muulize yeye, si jirani. Na akiwa anapata taabu sasa gredi 10, msaidie mwaka huu wakati ni mambo ya msingi, usingoje gredi 12 ndio uite injinia.

Sisi huku Faza fizikia praktikali tunafanya mara chache, vifaa ni vichache na tunashika kwa zamu. Pepa thrii naiogopa kuliko zote. Naweza kujitayarisha nyumbani? – Fomu foo, Faza

Waweza, na hofu yako iko mahali pake, pepa thrii ni maksi 40 kati ya 200 za fizikia yote, na ni maksi ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzikusanya bila kuwa jiniasi. Vitu vya umeme, waya za konstantani na amita, hizo utangoja shule, hakuna ujanja. Lakini maksi nyingi za praktikali ziko kwa jedwali na grafu na kusoma kwa uangalifu, na hayo hayahitaji labu.

Angalia juu, kama nyumba yenu ni ya boriti. Funga uzi kwa boriti, mwisho wa uzi funga jiwe dogo la mviringo ama nati nzito. Pima urefu kutoka pale uzi umefungwa mpaka katikati ya jiwe, si mpaka kwenye fundo, hapo ndipo wengi wanakosea. Anza na sentimita 100. Vuta jiwe pembeni kidogo tu, liachilie, liende na kurudi mara kadhaa kwanza, alafu wakati linapita katikati anza saa ya simu na useme sifuri. Sema sifuri, si moja, ukisema moja utakuwa umehesabu kumi na tisa ukidhani ni ishirini. Hesabu kwenda na kurudi 20. Ukipata karibu sekunde 40 uko sawa. Rudia, chukua wastani. Alafu punguza uzi uwe 80, 60, 40, 20. Ule wa 20 utakupa kama sekunde 18 kwa mizunguko 20, ukipata 22 kuna kitu umepima vibaya, rudia kabla hujaandika.

Chora jedwali kabla ya kuanza, si baada. Urefu kwa mita, muda wa mizunguko 20, muda wa mzunguko mmoja T, na T mara T. Kila safu yuniti juu. Kama saa yasoma desimali mbili andika mbili kila mstari, hata 40.10, usiandike 40.1 hapa na 39.87 pale.

Grafu, T mara T iwe wima, urefu uwe mlalo, skeli ya moja, mbili ama tano, usichukue skeli ya tatu utajitesa kuweka nukta na mtahini atakunyima maksi ya skeli. Nukta zako ziwe alama ndogo ya msalaba kwa penseli kali, mstari mmoja wa rula unaopita katikati yao, si kuunganisha nukta kwa nukta. Mteremko tafuta kwa pembetatu kubwa, kutoka kwa mstari na si kutoka kwa jedwali. Utapata kama 4. Gawanya 39.5 (ni 4 mara pai mara pai) kwa mteremko wako, ikitoka kati ya 9.5 na 10.1 umepima mvutano wa dunia kwa uzi na jiwe sebuleni kwenu. Ikitoka 12, angalia urefu wa uzi kwanza.

Fanya na saa mbili na nusu mezani, bila kuongea na mtu. Alafu piga picha jedwali na grafu unitumie kwa WhatsApp kupitia gazeti, bando la picha mbili ni dogo. Nitarudisha na alama nyekundu.